Oili ni kipuri cha injini

Fundi alipoifungua injini ya gari langu la zamani, aliniwekea pistoni kiganjani na kunionyesha ringi ya oili, ile ya chini kabisa. Ilikuwa imegandia katika mfereji wake kwa ukoko mweusi, na vitundu vilivyo nyuma yake, ambavyo kazi yake ni kuirudisha oili chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, vilikuwa vimeziba vyote. Injini hiyo ilikuwa imefikia kula lita nzima katika kila kilomita 1,000, nami kwa muda mrefu nilimlaumu aliyeniuzia oili. Kosa lilikuwa langu: niliiacha oili ikae kilomita 15,000 ndani ya injini ambayo ringi zake hazibani sana ukuta wa silinda, kwa kuwa waliozibuni walitaka kupunguza msuguano na kuokoa petroli, na ambayo vitundu vyake ni vidogo mno kuvumilia uchafu. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ni oili ipi iliyo bora, namuuliza kwanza injini yake imeundwaje.

Wengi huamini kwamba oili nzito hulinda zaidi, na imani hiyo ina ukweli nusu. Krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inapozunguka haigusi beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili ambao unene wake hutegemea mnato wa oili, kasi ya mzunguko na uzito wa mzigo. Katika oili ya 5W-30, tarakimu inayotangulia W hueleza tabia yake wakati wa baridi, na 30 hueleza mnato wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Injini iliyobuniwa kwa oili nyepesi ya 0W-20 imepewa pampu, beringi na mianya inayolingana na wepesi huo, na mara nyingi ina mitambo ya kubadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu inayoendeshwa na shinikizo la oili hiyohiyo. Ukiimiminia oili nzito kupita kiasi, oili itachelewa kufika juu injini inapowashwa ikiwa baridi, nao ndio wakati ambao vyuma hulika sana. Hata hivyo, kitabu cha gari kikiruhusu daraja zaidi ya moja, mimi huchagua lililo zito kidogo kwa gari linalobeba mizigo au kupanda milima kwenye joto.

Kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, hali ni tofauti, kwa sababu pale utando wa oili hauwezi kutenganisha vyuma kila wakati, na kinga hutoka kwenye kemikali zenye zinki na fosforasi. Injini za zamani, ambazo kamu, yaani vinundu vya shafti hiyo, husugua moja kwa moja juu ya tapeti bapa, vile vipande vinavyosukuma valvu, zinazihitaji kwa wingi. Oili nyepesi za kisasa za magari ya petroli zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, kwa kuwa fosforasi hudhuru kifaa cha kusafishia moshi. Injini za sasa, nyingi zikiwa na rola badala ya tapeti bapa, huridhika na kiasi hicho. Kwa hiyo oili mpya na ya bei kubwa yaweza kuwa chaguo baya kwa injini kongwe.

Ninazozihofia zaidi ni injini ndogo zenye turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, na zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na injini ikizimwa ghafla baada ya mwendo mkali, oili iliyobaki pale huungua na kuwa kaa. Petroli nayo huchuruzika kwenye kuta za silinda na kuipunguza oili nguvu, hasa katika safari fupi. Tena injini hizi hupatwa na mwako wa mapema zinapokanyagwa sana katika mzunguko mdogo, mwako unaoweza kuvunja pistoni, na imethibitika kwamba wingi wa kalsiamu katika oili huuchochea. Daraja la API SP, ambalo hutolewa na Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) na kuandikwa kwenye kopo la oili, na lililoanza mwaka 2020, linajumuisha jaribio la kuzuia jambo hilo. Kwenye injini za aina hii, maandishi hayo ya kopo yana uzito kuliko jina la kampuni.

Dizeli zenye kichujio cha masizi, nazo, zinahitaji oili yenye majivu machache, maana majivu hukiziba kichujio hicho.

Injini niliyo nayo sasa ina mkanda wa taimingi, ule unaounganisha krankishafti na kamshafti, unaofanya kazi ndani ya oili. Oili isiyo na kibali cha mtengenezaji, au iliyochanganyika na petroli, huufanya mkanda huo uvimbe na kumeguka, na vipande vyake huziba chujio la pampu, hata beringi zikakosa oili. Ninaibadilisha kila kilomita 7,000, nainusa kwenye kijiti cha kupimia kama ina harufu ya petroli, na kila mara namwomba fundi apime upana wa mkanda kupitia tundu la kujazia. Mara ya mwisho ulikuwa bado haujavimba.