Neno Moja Katika Faili la Maghala

Leo nimeshinda nikikagua seva kumi na moja, moja baada ya nyingine, nikitafuta jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu zamani: kila kifurushi cha programu kilichomo kimetoka ghala gani la mtandaoni na kwa chaneli ipi, yaani mkondo gani wa matoleo. Sikuianza kazi hii kwa hiari. Jana usiku nilikuwa nikiweka masasisho kwenye seva ya nakala rudufu inayoendeshwa kwa Debian (mfumo wa uendeshaji wa aina ya Linux), ambayo haikuguswa tangu Julai 2025, na apt, programu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi, ikasita na kuniarifu kwamba ghala limebadilisha jina la toleo kutoka bookworm kuwa trixie, je, nakubali kuendelea? Nilikuwa nimechoka na kidole kimeshazoea, nikabonyeza y. Niliposonga mbele nikaona inajiandaa kubadilisha mamia ya vifurushi, pamoja na kuondoa kadhaa ambavyo seva ile haiwezi kufanya kazi bila hivyo, usingizi ukaniruka. Kwa bahati hapo inauliza tena, na safari hii nilijibu n.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe, tena la miaka miwili nyuma. Katika faili linaloorodhesha maghala niliandika «stable» badala ya «bookworm», kwa kudhani kwamba ni neno la tahadhari zaidi. Kumbe stable si jina la toleo bali ni cheo, na anayekikalia hubadilika: Debian 12 (bookworm) ilikishika tangu Juni 2023 hadi tarehe 9 Agosti 2025, ilipokuja Debian 13 (trixie) na kuisukuma kwenye nafasi ya oldstable. Mimi nilikuwa nimeifunga seva kwenye kiti, wala si kwa mtu aliyekikalia. Nimebadilisha neno hilo moja, nikaendesha apt update upya, na orodha ikarudi kuwa masasisho thelathini na kitu, mengi yao ya usalama.

Ndipo nikaamua kuzipitia zote. Amri niliyoitegemea ni apt-cache policy, ambayo huweka nyota tatu mbele ya toleo lililosakinishwa, na chini yake mstari wa kila ghala linalolitoa pamoja na namba ya kipaumbele, kwa kawaida 500. Kwenye seva ya saba nilikutana na maktaba moja ya kuchakata picha ambayo chini ya nyota zake palikuwa na mstari mmoja tu: 100, /var/lib/dpkg/status. Maana yake ni kwamba kifurushi kile kinajulikana na mashine yenyewe peke yake. Hakuna ghala lolote linalokitoa, kwa hiyo hakuna sasisho litakaloletwa kamwe, na kila nilipoambiwa kwamba mfumo umesasishwa wote, chenyewe kilikuwa yatima pembeni. Niliwahi kukisakinisha kwa mkono kutoka kwenye faili nililopakua, nikafurahi kwamba tatizo la siku ile limekwisha, nikasahau. Hilo limenikera kuliko swali la jana, kwa sababu la jana lilijitangaza.

Wapo wanaoiona stable kuwa ni makumbusho ya programu kuukuu, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alipotangaza kwamba ndani ya programu ya kubana data iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kumefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine. Alianza kuchunguza kwa sababu kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh kulikuwa kukichelewa takribani nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kufika kwenye chaneli zinazopokea matoleo mapya mapema, yaani Debian testing na unstable, na kwa mifumo mingine ya Linux, Fedora Rawhide na openSUSE Tumbleweed, ilhali stable haikuyapokea. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa kwenye testing siku zile. Nakumbuka sasisho la kuponya lilivyokuja na namba ya ajabu, 5.6.1+really5.4.5-1: kwa kuwa apt haishuki yenyewe kwenda toleo dogo, watu wa Debian walilipandisha jina ili yaliyomo yarudi nyuma. Hata hivyo, sidai kwamba uzee wa kifurushi ni kinga. Stable inanifaa kwa sababu ina chaneli ya usalama ya peke yake, ambako kiraka hupachikwa kwenye toleo lile lile la zamani. Ndiyo maana mkaguzi anayesoma namba ya toleo pekee huweza kukuandikia orodha ndefu ya mianya iliyozibwa kitambo.

Seva za Fedora hazikunisumbua, kwani dnf, mwenzake wa apt huko, huandika jina la ghala upande wa kulia wa kila kifurushi, na yote yalikuwa mahali pake. Ile moja iliyobaki na CentOS 7 (nayo ni mfumo wa Linux), ambayo huduma yake ilikoma tarehe 30 Juni 2024, nimeitenga na mtandao wa nje hadi nihamishe data yake. Hapo hapana cha kusasisha.

Imebaki ya kumi na moja. Humo apt-mark showhold imenionyesha kifurushi kimoja cha hifadhidata nilichokizuia kisipandishwe, na kwenye daftari langu nimekuta maneno mawili tu, «subiri kwanza», bila sababu wala tarehe. Sijaondoa kizuizi. Nimetengeneza nakala ya seva hiyo, nitajaribu sasisho huko Alhamisi, na kwenye faili la mipangilio nimeandika mstari wa maelezo unaosema ni nani aliyezuia, lini, na kwamba sababu yake hakuikumbuka.