Nimefika Epecuén, mji uliotoka majini

Jamani leo nimetembea kwenye mji wa chumvi. Villa Epecuén, huku Argentina, kutoka Buenos Aires hadi Carhué ni basi la usiku kucha, mgongo hauna hamu. Zamani watu walijaa hapa kuoga maji ya ziwa la chumvi eti yanatibu baridi yabisi, mahoteli kibao, mpaka Novemba 1985 tuta la kuzuia ziwa likapasuka na maji yakaingia, si kwa kishindo, taratiiibu, watu wakapata nafasi ya kubeba magodoro na kuhama, hakuna aliyekufa ila mji wote ukazama karibu miaka 25. Sasa maji yamerudi nyuma, zimebaki ngazi zisizofika popote, vitanda vimeliwa na kutu, na ile miti mikavu imesimama myeupe pee kama mifupa. Kilichonishika koo ni kigae cha bafuni, kizima kabisa, kinang'aa utadhani kimepigwa deki asubuhi. Mimi mtu wa Baringo naelewa, kwetu pia ziwa lilipanda likala mahoteli na mashule. Nimelamba ukuta kidogo (msinicheke), chumvi kali mbaya, na viatu vyangu vyeusi saa hii ni vyeupe.