Heidelberg yangu na kipande kilichotengenezwa ili kivunjike

Batu banaulizaka: hii Heidelberg, machini ya kizamani ya kupiga chapa, ungali nayo ya nini, wakati kompyuta iko? Jibu ni numero. Niletee karne (vitabu) za fakti (ankara) za karatasi tatutatu, zote zinataka numero zinazofuatana na ule mustari wa vitundu wa kuchania resi (risiti), halafu uone printa yako ya ofisi itafika wapi. Heidelberg inapiga numero na kutoboa kwa pigo moja, na kama imekunywa mafuta yake vizuri inaweza kufika karatasi 5000 kwa saa, yaani kazi ya siku nzima inaisha mbele SNEL, kampuni ya umeme, haijakata moto.

Yangu ni ile ndogo, yenye mikono miwili inayozunguka, mumoja unashika karatasi safi na mwingine unatoa ile imeshapigwa. Ndogo lakini inapita tani moja, kuihamisha ni kutafuta vijana wa nguvu na bomba za kuviringishia. Ujerumani waliacha kuitengeneza 1985, basi hata ile ya mwisho kabisa imeshazeeka, na piese (vipuri) ni kutafuta kwa wale wanaovunja machini zilizokufa huko Ulaya na Marekani. Ukiwaandikia, kwanza wape numero ya seri iliyogongwa kwenye mwili wa machini, bila hiyo watakutumia kitu cha machini ingine na pesa imekwenda.

Rola ndizo zinanikulia pesa. Mpira unakauka, unapasuka, na mu kipwa (kiangazi) hapa Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi baridi inafanya wino kuwa mugumu na ukavu unafanya karatasi zishikamane, vinyonyeo vinabeba mbili kwa mara moja, numero inaruka. Naiacha kwanza izunguke bila kupiga mpaka wino ulainike. Kuvalisha mpira mupya, natuma chuma Johannesburg kwa lori, kinapita Zambia, halafu Kasumbalesa, kwenye mupaka, ujitayarishe kueleza kwa kila mutu hicho kidude ni cha nini.

Lakini kile kipande kinaninyima usingizi ni kipete kimoja cha fonte (chuma cha kumimina, kinavunjika upesi), kidogo tu. Kimetengenezwa kizaifu makusudi. Kama kitu kigumu kimeanguka ndani, kwa mufano ufunguo, ao klishe (kibao cha kupigia chapa) iko juu kupita kipimo, kipete kinavunjika na nguvu yote inaishia pale, shafti na gia zinapona. Sasa mutafute mutu wa kukitengeneza! Haba bazee baliotoka mu ma atelie ya Gécamines, kampuni ya migodi, banajua tour (machini ya kuchongea chuma) kupita batu bote, na ndiyo maana ni vigumu kuelewana nao. Nilimupelekea mumoja kile cha zamani kama mufano.

– Mwana yangu, hii ni fonte mbaya. Nitakutengenezea ya chuma cha kweli, hautaivunja hata siku moja.
– Papa, mimi nataka ivunjike.

Aliniangalia kwanza, akaangalia kipete, akacheka sana. Siku ya pili alinipa vipete vya fonte, na unene ni sawasawa na kile cha zamani, hakuongeza hata kidogo, ingawa niliona inamuuma.

Juu ya hiyo, kama unanunua machini ya okazyo (iliyokwisha kutumika), usidanganyike na rangi mupya. Uliza kipete. Kama balishaweka cha chuma ile shida ya kwanza itakwenda moja kwa moja mu shafti, ao mu mwili wenyewe, na mwili ni fonte, kuuchomelea ni kazi ya kusumbua sana na mara mingi unapasuka tena pembeni.

Saa hii natafuta machini iliyokufa kabisa. Zinaisha moja moja, batu ba mitraye (vyuma chakavu) banazinunua kwa kilo. Kama uko na moja inalala mu depo, niambie mbele ya kubaita. Nataka pampu ya hewa, mikono na vipete kama vingali, ile ingine yote uuze.