Nimezaliwa Mualla, na bado naulizwa kwetu wapi

Nimerudi Aden, mji wa bandari kusini mwa Yemen, baada ya miaka tisa, na swali la kwanza niliulizwa kabla sijafika mjini, teksi ikiwa bado haijashika mwendo kutoka uwanja wa ndege wa Khormaksar. Kijana wa miaka kama ishirini, bunduki begani, shavu limetuna kwa miraa, alikipokea kitambulisho changu akakigeuza mbele na nyuma.

"Ami, nyinyi watu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Nimezaliwa Mualla. Si imeandikwa?"

"Nimeona. Nauliza asili."

Mlioishi Aden ya zamani mtajua kwa nini nilikosa la kujibu. Jengo letu liko Mualla, kwenye ile barabara kuu ya maghorofa ya Waingereza. Juu yetu walikaa Wahadhrami, chini yetu Wasomali, na mlango unaotazamana na wetu ulikuwa wa muoka mikate kutoka Hujariyya, kule Taiz, Yemen ya kaskazini. Mamangu ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Akikaanga mahamri alfajiri, majirani wanayaita khamir na kudai ni yao, ugomvi huo ukamalizwa kwa kula. Majina ya kabila yalikuwa yamepigwa marufuku na chama cha kisoshalisti kilichotawala Yemen Kusini, nchi mbali siku hizo. Mwalimu akiita majina darasani ni jina lako, la babako na la babu, basi, keti chini.

Najua mtasema nimejisahaulisha Januari 1986. Sijasahau. Nilikuwa na miaka minane, na siku kadhaa tulilala chini ya ngazi, godoro limesimamishwa mlangoni.

Kwa waliokuwa hawajazaliwa: tarehe 13 Januari mwaka ule viongozi wa chama cha kisoshalisti waliitwa mkutanoni. Ali Nasser Muhammad, mkuu wa chama na wa nchi, hakutokea. Waliotokea ni walinzi wake, na mkoba wake, na chupa yake ya chai, kisha wakawamiminia wenzao risasi mezani. Ali Antar, makamu wa rais, alifia pale pale. Salih Muslih, waziri wa ulinzi, naye vilevile. Abdul Fattah Ismail, aliyekuwa amerudi kutoka Moscow mwaka uliotangulia, alitoka hai na baadaye hakuonekana tena. Wasomi wa Marx hao, wamesomeshana mpaka usiku wa manane kwamba kabila ni takataka ya ukabaila. Siku ya pili tu, watu wa mikoa ya Abyan na Shabwa wako upande wa Ali Nasser, wa Dhale, Radfan na Lahij upande wa pili, na barabarani wanaulizana vitambulisho.

Siku ya tatu au ya nne baba alitoka kutafuta maji pamoja na wenzake wawili wa bandarini. Asili yetu ni Dathina, Abyan, kwao Ali Nasser mwenyewe, na waliokuwa wameishika Mualla wakati ule ni wale wengine. Kilichomwokoa ni kwamba babu alikuwa mfanyabiashara Mombasa, baba akazaliwa huko, na kitambulisho kikasema hivyo. Askari akamtazama, baba akamjibu kwa Kiswahili: "Mimi mtu wa Mombasa, bwana, nataka maji tu." Wakacheka. Muwallad huyu, mzaliwa wa ng'ambo, mwacheni. Kila akikisimulia kisa hiki baba alikuwa akiiga sauti yake mwenyewe ya woga, sote tunacheka, naye anaishia hapo kwenye kicheko. Wale wenzake wawili hawakurudi makwao. Hilo nililijua kwa mama, baba alipokwisha kufa.

Sasa, watu wa barazani Mombasa walikuwa wakiniambia, "Waarabu ndivyo walivyo, kabila imo damuni." Upuuzi. Ali Antar alipokuwa na wizara ya ulinzi alijaza jeshi vijana wa kwao Dhale. Ali Nasser naye akawaweka watu wa Abyan kwenye vyombo vyake vya usalama. Kwa hiyo risasi ya kwanza ilipolia, kila askari alijua pa kukimbilia, maana ndipo palipompa kazi na mshahara. Damu haikuhusika. Iliyohusika ni orodha ya mishahara, na walioiandika ni wakubwa.

Na orodha hiyo haijachanika. Walioshindwa mwaka 1986 wakaitwa zumra, walioshinda wakaitwa tughma, maneno mawili ya kusema genge. Zumra wakakimbilia Sanaa, mji mkuu wa Yemen ya kaskazini. Mmoja wao, ofisa wa Abyan aitwaye Abdrabbuh Mansur Hadi, alirudi mwaka 1994, nchi mbili zikiwa zimeshaungana na kusini ikijaribu kujitenga, akiwa waziri wa ulinzi wa rais Ali Abdullah Saleh, na Aden ikaangushwa tarehe 7 Julai. Mwaka 2012 akawa rais. Agosti 2019 walinzi wake wakatimuliwa humu mjini na vikosi vya Baraza la Mpito la Kusini, waliotaka kusini ijitenge, la Aidarous al-Zubaidi, mtu wa Dhale. Abyan na Dhale tena. Wazee wa hapa walihesabu vidole tu, wala hawakuhitaji redio. Cha kuchekesha ni kwamba tangu 2006 tarehe 13 Januari imefanywa siku ya kusameheana, yenye hotuba na mabango.

Tangu Aprili 2022, mahali pa rais tuna baraza la uongozi la watu wanane. Jirani mmoja alinipangia juu ya meza kwa sambusa: huyu Taiz, huyu Dhale, huyu Marib, huyu Yafa, huyu Hadhramaut, huyu mpwa wa Saleh... Kufika wa sita nikala mmoja bila kukusudia. Akaniuliza nimemla nani.

Mnaotaka kuja, na nawajua mnataka, mnaniandikia kila siku mkiulizia nyumba za urithi, sikilizeni. Msije Julai. Umeme kwetu unakaa kwa muda wa saa mbili, kisha unakatika hata kwa saa kumi nzima, na aliyekuambia sola inatosha hajalala Mualla. Njooni na riyali za Saudia: askari analipwa kwa hizo, mwalimu analipwa riyali ya Yemen, nayo miezi inapita hajaiona. Noti mpya za huku usiende nazo Sanaa, Wahuthi, waasi wanaoishika Sanaa, wamezipiga marufuku tangu Desemba 2019. Toeni nakala za vitambulisho, nyingi. Na mkiulizwa asili, zungumzeni Kiswahili. Sifanyi mzaha. Mimi mwenyewe pale Khormaksar, mtu mzima wa miaka arobaini na sita mwenye mvi, nilisikia mdomo wangu ukisema "Mombasa". Yule kijana akatabasamu, akataka kujua kama miraa ya Kenya ni kweli inashinda ya kwao.

Nilipopanda ngazi za jengo letu nikapiga hodi kwa muoka mikate. Alifungua kijana nisiyemjua, bunduki nyuma ya mlango, akaniambia kwa adabu kwamba nyumba ni ya kamanda wake. Bawabu akanieleza. Agosti ile ya 2019 kombora lilimuua kamanda Abu al-Yamama, Wahuthi wakajigamba kuwa ni lao, na hasira ikawashukia watu wa kaskazini waliokuwa wakiuza mikate na kufua nguo. Walipakiwa kwenye malori. Jirani yetu alishuka na mkewe na mfuko mmoja.

Namba yake nilipewa na mwanawe. Nilimpigia usiku, giza tupu, nimekaa ngazini. Tulisalimiana kirefu, akamrehemu baba, akauliza mama anaendeleaje, akauliza mahamri. Kisha akanyamaza kidogo.

"Umeingia ndani kwangu?"

"Mlangoni tu."

"Friji langu lilionekana? Lile kubwa, nililinunua mwezi mmoja kabla. Linafanya kazi?"

"Ami, umeme hakuna."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamsikia akimwita mkewe aje amsimulie.