Kazi Yangu ni Kuchosha Waya: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 1:30 asubuhi. Nimefungua maabara, hapa Ujerumani ninakofanya kazi ya ufundi, na kabla hata ya kuvua koti nimekwenda kutazama kihesabio cha mtambo wa tatu. Kimesimama kwenye mzunguko wa 61,408: waya umekatika usiku.

Waya huo ni wa nikeli na titani, aloi (mchanganyiko wa metali) inayokumbuka umbo lake. Unene wake ni maikromita 150, urefu milimita 150. Ukipitishiwa umeme hupata joto, hufupika kwa milimita 6 na kuinua uzito wa gramu 320. Ukipoa, uzito huohuo huuvuta ukarefuka tena. Kupata joto na kupoa mara moja ndio mzunguko mmoja, na kazi yangu ni kuurudisha katika safari hiyo maelfu ya mara hadi uchoke, ili anayeunda kifaa ajue kitadumu kiasi gani.

Saa 3:00, hadubini. Waya umekatikia mdomoni mwa kibano kinachoushika, si katikati, maana yake nimepima kibano changu badala ya waya. Tokeo hilo silihesabu, ingawa limekula karibu siku tatu za mtambo.

Saa 4:20 mteja anayeunda vali ndogo alipiga simu, akataka mizunguko milioni moja ifikapo Ijumaa. Nilimfanyia hesabu polepole: sekunde moja ya kupasha joto na tatu za kupoza ni mizunguko 900 kwa saa, 21,600 kwa siku, hivyo milioni moja ni siku 46. Akasema niongeze mkondo wa umeme. Nilimweleza kwamba kinachochelewesha ni kupoa, wala si kupata joto, na kwamba waya uliopashwa kupita kiasi huchakaa mapema. Basi niweke feni, akasema. Lakini vali yake imefungwa ndani ya kasha lisilopitisha hewa; nikiupepea waya wangu nitampa jibu la kifaa ambacho yeye hakiuzi. Mazungumzo hayo yalichukua karibu saa nzima, na muda wote aliuliza jambo moja tu, utakatika lini. Waya wa mtambo wa kwanza haujakatika, umepita mizunguko 200,000, ila sasa unafupika kwa milimita 4.8 tu. Vali inayohitaji milimita 5 imekwisha kufa huku waya wake ukiwa mzima, na huo ndio uchovu ninaotamani waunda vifaa wauogope kwanza.

Mchana wote ulikwenda kwenye kufunga waya mpya. Kibano kikilegea, waya huteleza. Kikikaza mno, huutia jeraha ambamo ufa utaanzia. Mara tatu nilikata na kuanza upya, macho yakiwasha, vidole vikikosa utulivu, na wa nne ndio uliokaa.

Giza lilikuwa limeingia nilipouwasha. Nilibaki nimesimama mbele yake kwa mizunguko mia ya kwanza, kwa sababu ni hapo mwanzoni ambapo waya hubadilika upesi kuliko wakati mwingine wote. Kwenye mzunguko wa 100, uzito ulikuwa ukisimama robo milimita chini ya pale ulipoanzia. Nikaiandika namba hiyo daftarini, nikachukua koti.