Flea ya Hilux iliyong'oka Pongwe

Nilikuwa natoka Muheza na machungwa. Nilipokaribia Pongwe nikasikia kitu kinapiga bodi upande wa kushoto nyuma, pa-pa-pa, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Kijana aliyekaa juu ya mzigo akagonga paa: "Bosi, sikio la gari linaning'inia!" Nikaegesha. Kweli, flea ya tairi la nyuma, ile plastiki nyeusi pana inayozunguka ukingo wa fenda, ilikuwa imeshikwa na stadi moja tu ya chini, kwingine kote inapepea. Nikaifunga kwa kamba ya katani (Tanga hatukosi katani) na tukafika mjini hivyo hivyo.

Gari lenyewe ni Hilux dabo kebini ya 1996, injini ya aina ya 3L, dizeli ya lita 2.8. Lilikuwa la marehemu baba. Injini haijanisumbua kamwe. Linalonisumbua ni bodi, maana hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Flea hiyo ina stadi tano. Ni bolti nyembamba za milimita 6 ambazo vichwa vyake vimezikwa ndani ya plastiki, zinapita kwenye matundu ya fenda, na kwa ndani zinakazwa kwa nati ya spana namba 10. Tatu zilikuwa zimekatika au kung'oka na ganda lake la plastiki. Moja ilikuwa inazunguka bure. Moja ndiyo ilikuwa nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pupa. Ile nzima niliishika kwa spana nikaizungusha kwa nguvu. Kutu ilikuwa imeunganisha nati na stadi, kwa hiyo nati haikufunguka, ilizunguka pamoja na stadi mpaka ikapasua plastiki. Nikawa sina hata moja. Siku hizi nati ya namna hiyo nailowesha dizeli siku mbili tatu, na ikigoma bado, sishindani nayo: naikata na msumeno wa chuma. Nati ni shilingi mia tano. Flea nzima ya mtumba niliulizia Gerezani, Dar es Salaam, na bei niliyotajiwa ilinirudisha Tanga kimya.

Nilipoitoa nikaona chanzo. Kati ya plastiki na fenda kulikuwa na udongo mwekundu ulioganda, mwingine sijui ni wa mwaka gani, wenye unyevu hata siku ya jua kali. Matundu ya fenda yalikuwa yameliwa na kutu mpaka moja limekuwa kama mdomo wa kinu. Na mtu aliyewahi kuifunga kabla yangu alikuwa amekaza nati kama anafunga tairi.

Nikaanza na gundi, kama wengi wanavyofanya. Nilinunua epoksi ya mirija miwili, nikapiga msasa, nikasimamisha bolti mpya tano na kuzizungushia gundi mpaka zikawa kama vichuguu. Nikaacha usiku kucha. Asubuhi zilikuwa ngumu kama jiwe, nikafunga flea na kujipongeza. Wiki ya tatu, barabara ya Pangani, ikang'oka tena. Nilipotazama bolti zilizotoka nikashangaa: gundi yote imetoka nazo, chini yake inang'aa laini, na plastiki haina hata alama. Kumbe haikuwahi kushika. Ilikuwa imekaa tu pale, kama mgeni asiyefungua begi.

Nilimpelekea mzee mmoja anayeunga mabeseni na ndoo kule Ngamiani. Nimemjua tangu utotoni, mama alikuwa akinituma kwake na beseni la kufulia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hilo beseni gani la ajabu?"

Nikamweleza. Akaigeuza flea, akaikwaruza kwa kucha, akacheka. "Hii haiungwi kwa gundi. Hii inaungwa kwa moto." Akanionyesha kwa kidole herufi ndogo zilizochapwa kwa ndani, ambazo mimi nilikuwa nimezipaka gundi juu: >PP<. Yeye herufi hizo hazimhusu, anajua kwa mkono na kwa harufu. Lakini mimi zilinifungua macho. PP ni polipropilini, plastiki yenye uso kama uliopakwa nta, na gundi nyingi za kawaida hazina pa kushika. Ingekuwa ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu, epoksi ingeweza kufaa. Kama herufi zimefutika, chonga kipande kidogo, kitumbukize kwenye glasi ya maji: polipropilini tupu huelea, ABS huzama. Angalizo ni kwamba polipropilini iliyochanganywa na unga wa madini huweza kuzama pia, basi kichome kidogo unuse. Polipropilini hunukia mshumaa uliozimwa. ABS hutoa moshi mweusi wa masizi.

Babu hutumia bisibisi kuukuu anazozipasha kwenye jiko la mkaa. Mimi nilikuwa na chuma cha kulehemu nyaya za redio, na hapo nikakosea tena, maana chuma hicho hupita nyuzi 300 kwa urahisi wakati polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 na kidogo. Plastiki ikatoa moshi, ikawa kahawia na kukatika kama biskuti. Babu akanikemea: "Unaipika au unaiunga?" Dawa ikawa kuchomoa waya kila baada ya muda, chuma kipoe kidogo, plastiki iwe kama ugali na si kama uji. Na kazi hii fanya nje, upepo ukiwa mgongoni.

Bolti peke yake haifai kuyeyushiwa, itazunguka tena. Kwa hiyo nilikata vibati vitano vya chuma, kila kimoja ukubwa wa stempu, nikavitoboa tundu la bolti katikati na matundu madogo manane pembezoni. Nikampelekea mchomeleaji agandishe kichwa cha bolti kwenye kibati, nukta mbili tu. Yale matundu madogo ndiyo siri yenyewe, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hupita humo na kushikana na ya chini, na ikipoa kibati hakina pa kwenda. Plastiki ya kujazia nilichonga vipande vyembamba kutoka bampa lililovunjika, lenye alama ya >PP+EPDM<, yaani polipropilini iliyochanganywa na mpira, ambayo ni ndugu wa hii. Mabaki ya ndoo usiyatumie kabla ya kuyajaribu: nyingi ni polithilini, huonekana zimeungana vizuri, ukizivuta zinabanduka.

Kibati cha kwanza nilikididimiza sana. Plastiki ya flea ina unene wa milimita tatu hivi, na joto likatokeza upande wa pili, sasa kuna kovu kama la ndui linaloonekana kila mtu akisimama kusalimia. Vilivyofuata nilivilaza juu na kujenga plastiki kuvizunguka. Penye ufa nilichimba mfereji nikazika wavu wa chuma cha pua. Wavu huo ulikuwa chujio la chai. Mke wangu aliligundua siku hiyo hiyo, na hiyo ni habari nyingine.

Kupata nafasi za bolti hakukuhitaji vipimo. Kabla ya kuyeyusha chochote niliibandika flea mahali pake kwa utepe, kijana akapitisha penseli kwenye matundu ya fenda kutoka ndani na kuweka alama.

Jambo ambalo sikulijua kabla ni kwamba plastiki hii hurefuka juani kuliko chuma. Flea ya mita moja, joto likipanda nyuzi 30, huongezeka milimita tatu au zaidi. Gari likiwa jeusi na limeegeshwa juani Tanga, nyuzi 30 si kitu. Ukiibana kila stadi isisogee, itajinyonga yenyewe na kupasua pale pale palipobanwa. Kwa hiyo tundu la katikati niliacha la kubana, mengine nikayatanua kwa tupa yawe marefu kidogo ubavuni. Kabla ya kufunga nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, koti mbili, na grisi kuzunguka matundu. Wosha pana, nati zenye nailoni, kaza kwa vidole halafu nusu mzunguko wa spana, basi. Kati ya flea na rangi nikaweka ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ila chini kabisa nikaacha wazi maji na udongo vipate pa kutokea.

Hiyo ni tangu kabla ya masika iliyopita. Stadi nne hazijatikisika. Ile ya kovu imelegea kidogo, naisikia nikipita matuta, nitairudia kwa babu. Upande wa kulia sijaugusa. Nati zake nimeanza kuzilowesha dizeli tangu Jumapili, na chujio jipya tayari limefichwa.