Kizibo cha soda kwa kila shina la matete

Mfuko wa kilo 50 wa CAN, mbolea ya kukuzia, una kilo 13 hivi za naitrojeni. Tani moja ya matete (nyasi za nepia za kulisha ng'ombe), ikipimwa bila maji na ikiwa na protini ghafi (protini inayokadiriwa kutokana na naitrojeni) asilimia 8, hubeba takriban kilo 13 hizohizo. Tani hiyo moja ni kama tani tano au sita za majani mabichi. Kwa hiyo kila ukitoa mzigo huo shambani, umeupeleka zizini mfuko mzima wa mbolea. Usiporudisha kitu, machipukizi huzidi kukonda kila mkato, na hapo hakuna mbegu bora itakayokuokoa.

Kwa nafasi ya mita 1 kwa nusu mita, ekari ina mashina kama 8,000. Mfuko mmoja hutoa gramu 6 kwa shina, yaani kizibo kimoja cha soda kilichojaa. Weka mara tu baada ya kukata, udongo ukiwa na unyevu, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, kisha fukia. Mbolea ya yurea ina naitrojeni asilimia 46, hivyo kilo 28 zinatosha ekari. Lakini yurea ikiachwa juu ya udongo bila mvua hugeuka gesi ya amonia na kupotea hewani. Kama huna nguvu ya kufukia, nunua CAN.

Kabla ya kufungua mfuko, angalia umanjano unaanzia wapi. Ukianzia majani ya chini, yaliyozeeka, ni njaa ya naitrojeni. Shina lote likidumaa na kutoa vijani vidogo vya njano, huo ni ugonjwa wa udumavu wa matete. Ng'oa, mbolea haiuponyi.

Sasa jambo linalowaponyoka wengi. Naitrojeni hupandisha protini wiki za mwanzo, lakini kazi yake kubwa ni kuongeza wingi. Matete yaliyowekewa mbolea hukimbia: hufika kimo cha kukatwa mapema kuliko yale ya jirani. Mfugaji aliyezoea kukata kila baada ya wiki 8 akishikilia kalenda ileile, atakuta shamba limejaa na kufurahi, kumbe amevuna vijiti. Shina limerefuka na kukakamaa, protini imesambaa kwenye wingi huo. Ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa chakula chao, malisho hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hula kidogo hata hori likijaa. Utaona mwenyewe: majani yameliwa, vijiti vimebaki chini. Pima kwa kimo, si kwa tarehe. Kata yakiwa kati ya sentimita 60 na 100, ukiacha kisiki cha sentimita 10.

Usiweke mbolea nyingi kwa mkupuo ukidhani utafidia msimu mbaya. Ukame ukija juu yake, naitrati, yaani naitrojeni ambayo mmea umeinyonya lakini haujaigeuza protini, hurundikana, hasa sehemu ya chini ya shina, na siku chache za kwanza baada ya mvua kurudi ndizo za hatari zaidi. Ng'ombe aliyelishwa majani hayo huhema kwa shida, ufizi hugeuka rangi ya kahawia na damu huwa kama chokoleti. Muite daktari wa mifugo papo hapo. Subiri wiki moja au zaidi baada ya mvua, kisha kata juu zaidi ya kawaida. Kuyaanika hakuondoi naitrati. Kuyavundika kuwa saileji huipunguza.